Faili la kazi libaki kwako, kopi ndiyo itoke: kuhifadhi na kutuma picha zenye leya

Studio za zamani zilikuwa na utaratibu mmoja ambao kila anayeanza kurekebisha picha kwenye kompyuta anapaswa kuujua kabla ya kitu kingine chochote. Mteja alipopigwa picha aliondoka na picha iliyosafishwa, na studio ikabaki na negativu, ile filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwayo. Akirudi baada ya miezi akitaka nyingine kubwa ya kutundika sebuleni, hakuna aliyemkalisha upya kwenye kiti. Negativu ilitolewa kwenye bahasha yake, ikasafishwa tena. Faili lenye leya, yaani tabaka za picha nitakazozieleza mbele, ndiyo negativu yako. JPEG unayoirusha WhatsApp ndiyo picha iliyosafishwa. Ukilishika hilo, mengine yote ninayoeleza hapa ni kuzoea vitufe tu.

Mimi nafanya kazi hii Tanga, Ngamiani. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufufua picha za zamani: zilizokunjwa, zilizoliwa na mende, zilizogandana na kioo cha fremu. Wanaoniletea ni wajukuu, wengi kutoka Muheza na Pangani, na mara nyingi picha iliyo mkononi mwao ndiyo pekee iliyobaki ya mtu huyo. Kwa hiyo kuhifadhi faili si jambo la kukumbuka mwishoni, wakati mteja yuko mlangoni anasubiri. Ni nusu ya kazi.

Nitachukua mfano wa picha moja niifuate tangu skana hadi inapowafikia wenyewe. Ni picha ya bibi, nyeusi na nyeupe, sentimita 9 kwa 13. Ilikunjwa katikati mpaka ufa ukapita begani, na kona ya chini ina doa la maji. Familia inataka vitu vitatu: picha ya ukutani ya sentimita 18 kwa 24, picha ya kuweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na faili lenyewe lenye leya lipelekwe kwa binamu yao aliyeko Muscat, anayejua Photoshop na anayetaka kuitia rangi. Kazi moja, milango mitatu ya kutokea.

Programu ninayotumia ni GIMP. Ni ya bure, na ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ukiwa na Photoshop au Photopea, hatua ni zilezile. Majina ya vitufe ndiyo yanayobadilika.

Kabla ya kugusa chochote

Picha ya bibi naiskani kwa nukta 600 kwa inchi. Kwa ukubwa wake napata pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 2126 kwa 3071, na hesabu hiyo itatufaa mbele. Naiskani kwa rangi ingawa ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu doa la maji lina umanjano wake, na umanjano huo ndio unaonisaidia kulitenga na sehemu nyingine. Skani naihifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyotupa undani, au PNG kama skana haina TIFF. Siihifadhi kwa JPEG. JPEG huipunguza picha kwa kuigawa katika vijiraba vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa kiasi cha undani uliomo, na undani wa uso wa mtu ambaye hatapigwa picha tena hautupwi hatua ya kwanza.

Faili hilo naliita bibi-asili.tif. Kisha nalibofya kitufe cha kulia, naingia kwenye sifa zake na kuweka alama ya kusomwa tu, ili hata mkono ukiteleza lisiandikwe juu yake.

Kama mteja yuko mbali na picha ameipiga kwa simu, mwambie aitume WhatsApp kama dokumenti, siyo kama picha. Akiituma kama picha itapunguzwa njiani, nawe utaanza kazi na kitu kilichokwisha kupoteza undani.

Leya zenye majina

Leya ni karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Anayeanza huambiwa hivyo halafu huachwa hapo, akaishia na leya kumi zinazoitwa "kopi", "kopi 1", "kopi 2". Baada ya wiki hata yeye mwenyewe hajui ipi ni ipi, sembuse binamu wa Muscat. Bofya jina la leya mara mbili uandike kilichofanyika ndani yake.

Kwenye picha ya bibi leya ya chini kabisa ni "asili", na haiguswi. Juu yake kuna kopi yake niliyoiita "ufa", humo nimeziba mkunjo wa begani. Juu yake "doa". Juu yake "uso", ambako nimefuta vumbi dogodogo. Kisha "mwanga", na juu kabisa "jina", yaani maandishi ya jina lake na mwaka wa kuzaliwa ambayo familia imeomba yawekwe chini ya picha.

Kwa nini nisifute kila kitu kwenye leya moja nikamaliza mapema? Kwa sababu ya shavu. Kwenye picha za zamani, vumbi na kidoti cha kuzaliwa vinafanana sana kwa macho ya mtu ambaye hakumjua mwenye picha. Mjukuu ataitazama atasema: ile nukta haikuwa uchafu, bibi alikuwa nayo. Kama leya ya "uso" ina maski, yaani pazia linaloficha sehemu ya leya bila kuifuta, ninachukua brashi nyeusi, napaka juu ya maski mahali pale, na kidoti kinarudi kutoka kwenye leya ya chini. Kazi nyingine yote inabaki kama ilivyo. Kumbuka tu kwamba kwenye maski rangi nyeusi huficha na nyeupe huonyesha. Huhitaji kujua zaidi ya hapo kwa kuanzia. Kufuta kwa kifutio kunaondoa moja kwa moja, maski inaficha tu. Mimi kifutio nimekiacha kabisa kwenye nyuso za watu.

Kuhifadhi na kutoa kopi ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi wanaoanza na GIMP wanapokwama, na sababu inaeleweka. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, kitufe cha kuhifadhi kwenye GIMP, yaani Ctrl+S, huhifadhi kwa aina moja tu ya faili: XCF. Ukijaribu kuandika .jpg hapo programu inakataa. Kutoa JPEG, PNG, PSD na nyinginezo kuna mlango wake, "Export As", ambao kwa vitufe ni Shift+Ctrl+E. Watu hulalamika kwamba ni usumbufu. Mimi naona ni ulinzi mzuri, kwa sababu programu inakulazimisha utofautishe negativu na picha iliyosafishwa hata kama hujui unatofautisha.

XCF ni faili la GIMP lenyewe, na herufi hizo zimetokana na jina la kikundi cha wanafunzi wa kompyuta cha kule Berkeley. Linabeba leya zote, maski, viwango vya uwazi, na maandishi yakiwa bado maandishi unayoweza kuyabadilisha. Kitu ambacho halibebi ni historia ya Ctrl+Z. Ukifunga faili leo, kesho huwezi kurudi nyuma hatua kwa hatua. Ndiyo maana kila ninapofika mahali pa uamuzi mkubwa, kwa mfano kabla sijaanza uso, natumia "Save As" kutoa toleo jipya: bibi-kazi-01.xcf, bibi-kazi-02.xcf. Namba zianze na sifuri ili zijipange vizuri kwenye folda. Neno "mwisho" usiliweke kwenye jina la faili, maana mteja ndiye anayejua mwisho uko wapi.

Tazama sehemu ya juu ya dirisha. Ukiona nyota mbele ya jina la picha, kuna kazi ambayo haijahifadhiwa. Na ukitoa JPEG kisha ukafunga bila kuhifadhi XCF, GIMP itakuuliza unataka kuacha mabadiliko? Kijana anayeanza hujibu ndiyo, kwa kuwa anaiona JPEG yake iko pale kwenye folda. Swali lile ni la kweli. JPEG ipo, lakini leya zote zinakwenda. Rudi, bonyeza Ctrl+S, ndipo ufunge.

Fanya Ctrl+S iwe desturi ya vidole kila unapomaliza sehemu. GIMP tangu toleo la 2.10 inajaribu kuokoa kazi programu inapoanguka, lakini umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani hakuna nafasi ya kuokoa chochote.

Kuhusu ukubwa, usishtuke. Picha yetu ina pikseli kama milioni 6.5, na kila leya kamili inachukua takriban MB 26 kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo leya sita zinakaribia MB 160 wakati unafanya kazi. Kwenye diski XCF hubanwa ikawa ndogo zaidi, na kwenye kidirisha cha kuhifadhi kuna kisanduku cha kubana zaidi, kwa gharama ya kusubiri kidogo. Kompyuta ikianza kuwa nzito, unganisha leya zile tu ambazo una uhakika nazo, mathalani vumbi la mandhari ya nyuma. Usitumie "Flatten Image" kwenye faili la kazi. Amri hiyo hukandamiza leya zote kuwa moja, na ukihifadhi baada yake umechoma negativu. Wala haihitajiki ili kupata JPEG: unapotoa kopi, GIMP yenyewe huchukua kinachoonekana ikakiunganisha ndani ya kopi, faili lako likabaki na leya zake.

Kabla ya kuendelea, funga faili, lifungue tena, uhesabu leya. Ni dakika moja.

Kopi ya ukutani

Kwa karatasi ya picha ninalenga pikseli 300 kwa inchi. Sentimita 18 kwa 24 kwa kiwango hicho ni pikseli 2126 kwa 2835. Skani yetu ina 2126 kwa 3071, kwa hiyo upana umelingana kabisa na urefu umezidi pikseli 236, ambazo nitazikata juu na chini. Ndiyo sababu niliskani kwa 600: picha inaongezeka maradufu bila kubuni pikseli hata moja.

Ukataji huo sifanyi kwenye faili la kazi. Nabonyeza Ctrl+D, GIMP inanipa picha pacha isiyo na jina, na yote yanayohusu ukubwa nayafanya kwa pacha: nakata, natoa kopi, nafunga pacha bila kumhifadhi. Ukipunguza ukubwa wa faili la kazi kisha mkono ukabonyeza Ctrl+S, picha ya ukutani hutaipata tena. Desturi hii ya pacha ndiyo ninayomfundisha kijana wangu kabla hata ya kumfundisha brashi.

Mashine nyingi za kusafisha picha zinapokea JPEG, basi natoa JPEG yenye ubora 95. Kupanda juu ya hapo kunaongeza uzito wa faili na macho hayaoni tofauti. Ukiweka alama kwenye kisanduku cha kuonyesha matokeo, GIMP inakuandikia uzito wa faili papo hapo ukiwa unasogeza kiwango. Ukiipeleka steshenari kwa flashi, mwambie anayechapa asiitanue kujaza karatasi, achape kwa ukubwa wake halisi. Na flashi ikitoka steshenari usiichomeke kwenye kompyuta yenye kazi zako kabla ya kuipima virusi. Folda zinazogeuka kuwa njia za mkato ni ugonjwa wa kila siku kwenye mashine zinazochomekwa flashi za watu wengi. Mimi nina flashi ya kupelekea tu, na ndani yake hakai XCF hata siku moja.

Kopi ya kundi la ukoo

Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza na kuibana upya. Tangu 2023 kuna chaguo la HD linalobakiza undani zaidi, na ukituma kama dokumenti faili linafika kama lilivyo. Lakini kundi la ukoo lina wazee wenye simu ndogo na bando dogo, na dokumenti wengi hawaifungui. Kwao natuma kama picha.

Ninachofanya ni kuipunguza mwenyewe kwanza. Kwenye pacha mpya, aliyekatwa kama yule wa ukutani, naishusha hadi 1200 kwa 1600, natazama macho na mdomo kama bado viko safi, naongeza ukali kidogo sana, kisha natoa JPEG ya ubora 90. Programu ya simu haijui kwamba sehemu muhimu ni macho ya bibi. Mimi najua, ndiyo maana nataka upunguzaji mkubwa upite mikononi mwangu.

Kama picha ilitoka kwenye simu, angalia taarifa zilizomo ndani yake kabla ya kuituma kama dokumenti. Simu huweza kuandika ndani ya faili mahali ilipopigwa, yaani nyumbani kwa mtu. Kwenye kidirisha cha kutoa JPEG kuna kisanduku cha Exif, ondoa alama.

Nembo yangu siiweki juu ya picha ya marehemu. Wapo wanaoiweka katikati ya kifua, kwa maandishi makubwa na namba ya simu. Familia itaitazama picha ile kwenye hitma na kwenye misiba mingine miaka mingi ijayo. Si mahali pa tangazo.

Faili la Muscat

Hapa pana mambo mengi, kwa sababu sasa unampa mtu mwingine negativu yenyewe.

La kwanza, uliza anatumia programu gani. Photoshop haifungui XCF. Lugha ambayo programu nyingi zinaielewa ni PSD, faili la Photoshop, na GIMP inaweza kulitoa: Shift+Ctrl+E, andika bibi-muscat.psd, basi. Leya, majina yake, maski na viwango vya uwazi vinakwenda. Maandishi ndiyo yanayoumia: leya ya "jina" itafika ikiwa picha ya maandishi, na binamu hataweza kurekebisha herufi moja. Kwa hiyo namwandikia pembeni maneno yenyewe, jina la fonti na ukubwa wake. Kama fonti ni ya bure yenye leseni ya kusambazwa, kama zile nyingi za Google Fonts, naiambatanisha. Kama ilinunuliwa, natoa jina tu, aitafute mwenyewe.

Kama naye angekuwa anatumia GIMP ningempa XCF moja kwa moja, ila baada ya kuuliza toleo. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025 na ina mambo mapya, kama vichujio vinavyokaa juu ya leya bila kuibadilisha, ambayo toleo la 2.10 haliyajui. Mwenye Krita, programu nyingine ya bure, anaweza kupewa PSD au ORA, faili la leya ambalo GIMP na Krita zote zinalielewa.

La pili ni jambo ambalo silioni likisemwa vya kutosha: faili lenye leya linabeba pia ulivyovificha. Familia ikikuomba umwondoe mtu kwenye picha, labda kwa talaka au ugomvi ambao wewe hukuuliza habari zake, kwenye JPEG hayupo. Kwenye PSD yupo, chini ya leya, mzima kabisa, anasubiri mtu abofye alama ya jicho. Hata kukata picha kunaweza kuacha pembeni ya turubai, yaani eneo lote la picha, sehemu ulizodhani zimekwenda, kama hukuweka alama kwenye chaguo la kufuta kilichokatwa. Kabla ya kutuma, pitia leya moja moja ukiwasha jicho. Kisichopaswa kuondoka kifute kwenye pacha, siyo kwenye faili lako. Na mwulize aliyekuletea kazi kama anaridhia leya ya "asili" iende. Kwa picha ya bibi jibu lilikuwa ndiyo. Kwa picha nyingine jibu huwa hapana, na hilo ni lake kuamua.

La tatu, hakikisha picha iko kwenye hali ya RGB, yaani ya rangi. Ukiwa uliigeuza kuwa ya kijivu tupu, mtu wa kutia rangi atapaka na hataona rangi. Kwenye menyu ya Image tazama pia usahihi wa rangi: biti 8 au 16 za namba kamili zinafaa kwa kubadilishana, ukifanya kazi kwenye biti 32 anayepokea atakuta baadhi ya zana za Photoshop hazifanyi kazi.

Ukishatoa PSD, usiiamini mpaka uione kwa programu nyingine. Mimi naifungua kwenye Photopea, programu ya Ivan Kuckir inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kuisakinisha. Inasoma PSD na hata XCF, na picha haipandishwi kwenye seva, inafunguliwa humohumo kwenye kompyuta yako. Bando linatumika kupakia programu tu. Nikiona leya zote sita ziko mahali pake na maski zinafanya kazi, najua binamu naye ataziona.

Kisha naweka kwenye folda moja: PSD, JPEG ndogo ya kumwonyesha picha inavyopaswa kuonekana, fonti, na faili fupi la maelezo. Hiyo JPEG ina kazi mbili. Akifungua PSD ikaonekana tofauti, ana cha kulinganisha nacho; na kama ameipokea kwenye simu isiyofungua PSD, angalau anaona kilichomo badala ya kuandika "haifunguki". Folda yote naibana kuwa ZIP moja.

Njia ya kutumia inategemea uzito. WhatsApp inapokea dokumenti hadi GB 2. Barua pepe ya Gmail ina mwisho wa MB 25 kwa viambatanisho, na PSD yenye leya sita huvuka hapo mapema. Google Drive inakupa GB 15 za bure, nami huitumia faili likiwa kubwa au intaneti ikiwa ya kusuasua. Kwenye Drive usiweke kiungo kinachofunguka kwa yeyote aliye nacho. Andika anwani ya barua pepe ya anayepokea, afungue yeye peke yake. Picha za familia huzunguka haraka kuliko tunavyodhani, na kiungo kilichowekwa kwenye kundi hakirudi.

Akishapokea, muulize: unaona leya ngapi? Akisema sita, imefika. Akisema moja, kuna mtu katikati aliyeifungua na kuihifadhi upya, au amefungua ile JPEG.

Mkubaliane pia kazi itarudi vipi. Watu wawili hawawezi kufanya kazi kwenye faili moja kwa wakati mmoja kisha wakaunganisha kwa urahisi. Namwomba binamu asikate wala kubadilisha ukubwa wa turubai, aweke rangi kwenye leya zake mpya, na anirudishie leya hizo tu kwa PSD nyingine yenye jina lake. Zikifika, nafungua XCF yangu, nabonyeza Ctrl+Alt+O, na leya zake zinaingia juu ya zangu. Kwa kuwa turubai ni ileile, rangi ya kanga inatua juu ya kanga yenyewe bila kusogeza kitu. Hapo namba inapanda: bibi-kazi-07.xcf, na faili la kabla ya rangi linabaki kama lilivyokuwa.

Ukiwa na simu tu

Wengi wanaanza kwa simu, na utaratibu haubadiliki. Kwenye PixelLab, inayopendwa sana kwa kadi za mialiko na matangazo ya misiba, kuna kuhifadhi kama picha na kuhifadhi kama mradi. Mradi unaweza kutolewa kama faili la PLP na kumpa mwenzako mwenye PixelLab. Ukihifadhi picha peke yake, siku ukumbi unapobadilika utaandika kadi nzima upya. Hifadhi mradi kwanza, halafu utoe picha. Photopea nayo inafunguka kwenye kivinjari cha simu, ingawa kwa vidole na kioo kidogo naishauri kwa kukagua faili tu, kazi ndefu haipendezi.

Zikae wapi

Folda moja kwa kila mteja, ndani yake asili, kazi na kopi zilizotoka. Folda hiyo naiweka sehemu mbili tofauti: kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje isiyokaa dukani. XCF za picha ambazo karatasi yake iko katika hali mbaya napandisha pia Drive usiku, wakati bando la usiku ni rahisi.

Diski ikijaa, anza kufuta kopi: JPEG za WhatsApp, JPEG za kuchapa, ZIP zilizokwishapokelewa. Zote unaweza kuzitoa tena kutoka kwenye XCF kwa dakika chache. Kisha matoleo ya kati, ukibakiza la kwanza, lile la kabla ya uamuzi mkubwa, na la karibuni. Skani na XCF ya karibuni hazifutwi. Nafasi ikikosekana kabisa, mpigie mteja aje na flashi yake achukue folda nzima kabla hujagusa kitu, na umwonyeshe kwa kidole faili lipi ni la kutunza na lipi ni la kutuma.